Jiwe na Kilicholigandama: Uhakiki wa Tafiti za Kuboresha Kokoto za Kifusi kwa Matumizi ya Zege la Miundo

Utangulizi

Kokoto inayopatikana kwa kuponda zege kuukuu si jiwe moja. Ndani yake mna jiwe la asili lililochimbwa miaka mingi iliyopita, na juu ya jiwe hilo imegandamana mota, yaani mchanganyiko wa saruji na mchanga uliolishika jiwe hilo katika jengo la kwanza. Jiwe lenyewe kwa kawaida halijapoteza kitu. Kilicho dhaifu ni mota: ina vinyweleo vingi, hufyonza maji, hubeba nyufa ndogondogo zilizoachwa na mashine ya kuponda, na wakati mwingine huja na chumvi za klorini au salfeti zilizoingia wakati jengo lilipokuwa hai. Aidha, zege jipya linapomiminwa, mipaka huwa miwili badala ya mmoja: mpaka wa zamani kati ya jiwe na mota yake, na mpaka mpya kati ya mota hiyo na saruji mpya. Kwa kuwa ni mipakani ambako zege huanza kupasuka, kokoto ya kifusi huingia katika nguzo au boriti ikiwa na sehemu mbili za kushindwa pale ambapo kokoto ya machimbo ina moja.

Makala haya yanahakiki tafiti zilizopendekeza namna ya kuondoa kasoro hiyo ili kokoto za kifusi ziweze kutumika katika zege la miundo, yaani zege linalobeba mzigo wa jengo pamoja na nondo zake, na si zege la kujazia au la kusawazisha chini ya msingi. Machapisho kuhusu suala hili ni mengi mno, na hayawezi kuhakikiwa yote. Yaliyochaguliwa ni yale ambayo mbinu zake zimerudiwa na watafiti wengine au zimeingia katika viwango vya nchi. Hoja inayojengwa ni kwamba sehemu kubwa ya tafiti hizi imeboresha kokoto kweli, lakini imepima maboresho hayo kwa kipimo chepesi, ambacho ni nguvu ya kipande cha zege kilichogandamizwa maabara kikiwa na umri wa siku 28. Mtu anayelala chini ya slabu hutegemea mambo mengine zaidi ya hilo.

Mota ni kiasi gani?

Msingi wa mjadala wote uliwekwa na Hansen na Narud nchini Denmark mwaka 1983. Kabla ya kufikiria tiba, wawili hao waliuliza ni kiasi gani cha mota kilichobaki kwenye kokoto, na jibu lao halijapitwa na wakati. Kwa kokoto za ukubwa wa milimita 16 hadi 32, mota ilikuwa asilimia 25 hadi 35 ya ujazo. Kwa zile za milimita 8 hadi 16, asilimia 40 hivi. Na kwa zile ndogo za milimita 4 hadi 8, ilifikia asilimia 60. Maana yake ni kwamba kadiri kifusi kinavyopondwa kuwa kidogo, ndivyo kinavyozidi kuwa mota na kupungua kuwa jiwe. Ndiyo sababu viwango vingi hukwepa mchanga wa kifusi hata vinapokubali kokoto zake.

Ubora wa kazi hiyo ni kwamba inamlazimisha msomaji kuacha kusema "kokoto za kifusi" kana kwamba ni bidhaa moja. Tafiti nyingi zilizofuata zimesahau somo hilo. Hutangaza kwamba zimetumia "asilimia mia ya kokoto zilizorejelezwa" bila kusema mota ilikuwa kiasi gani, na zege la kwanza lilikuwa la nguvu gani. Mbaya zaidi, baadhi ya watafiti hutengeneza zege la kuponda wao wenyewe: humimina vipande safi, huvisubiri vikomae, kisha huvivunja na kuviita kifusi. Kifusi cha namna hiyo hakina lipu, hakina vigae, hakina jasi wala kipande cha tofali, na hakijawahi kunyeshewa mvua ya miaka thelathini. Matokeo yake yanaweza kuwa sahihi kabisa na bado yasimfae mwenye lori la kifusi halisi.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika hesabu ya maji. Chukua meta moja ya ujazo ya zege yenye kilo 350 za saruji, lita 175 za maji na kilo 1,000 za kokoto kavu. Uwiano wa maji na saruji ni 0.50. Kokoto ya machimbo inayofyonza asilimia 1 ya uzito wake huchukua lita 10; kokoto ya kifusi inayofyonza asilimia 6 huweza kuchukua lita 60, yaani zaidi ya theluthi moja ya maji yote ya mchanganyiko. Mhandisi akiongeza lita hizo 60 kufidia, halafu ikawa kokoto zilikwisha kulowa kwa mvua ya usiku, maji huru yanafikia lita 235 na uwiano unapanda hadi 0.67. Hapo nguvu ya zege imekwisha kuporomoka kabla mashine ya kuchanganyia haijazimwa. Asipoongeza, na kokoto zikawa kavu, zege linakuwa gumu kwenye karai na fundi ataongeza maji kwa jicho. Katika hali zote mbili hakuna aliyekusudia ubaya.

Kuliondoa lililogandama: njia ya Japani

Nchi iliyoichukulia kokoto ya kifusi kwa uzito mkubwa zaidi ni Japani. Huko ilibuniwa mbinu ya kupasha moto na kusugua, iliyoelezwa kwa kirefu na Shima na wenzake mwaka 2005. Zege lililopondwa hupashwa joto la nyuzi 300 za Selsiasi hivi. Mota hupoteza maji yaliyo ndani ya muundo wake na kuwa tete. Kisha kokoto husuguliwa ndani ya kinu hadi mota ibanduke. Kinachotoka ni jiwe na mchanga vinavyokaribia vile vilivyoingia katika zege la kwanza, pamoja na unga mwingi.

Mbinu hii ndiyo pekee miongoni mwa zote zinazohakikiwa hapa inayofuta tatizo badala ya kulifunika. Ikifanywa vizuri, haubaki mpaka wa zamani wa kutilia shaka. Hata hivyo, gharama yake haiwezi kupuuzwa. Kwa takwimu za Hansen na Narud, kubandua mota yote kuna maana ya kugeuza sehemu kubwa ya lori la kifusi kuwa unga, na unga huo lazima upate mnunuzi. Shima na wenzake wanastahili sifa kwa kutokwepa suala hilo: waliujadili unga kama bidhaa, walipendekeza matumizi yake, na walipima teknolojia yao ndani ya uchumi mzima badala ya kuishia mlangoni pa kiwanda. Ni wachache waliofanya hivyo baada yao. Swali linalobaki ni la kuni, kwa lugha ya mtaani: joto hilo linatoka wapi, na nani analilipia? Katika nchi ambako mawe mazuri yako mbali na bei ya kutupa taka ni kubwa, hesabu inaweza kukubali. Kwingineko inakataa.

Cha maana zaidi pengine si tanuri bali viwango vilivyofuata. Japani ilitoa viwango vitatu mfululizo: JIS A 5021 mwaka 2005 kwa daraja la H, JIS A 5023 mwaka 2006 kwa daraja la L, na JIS A 5022 mwaka 2007 kwa daraja la M. Kokoto ya daraja H lazima iwe na msongamano usiopungua 2.5 ikiwa kavu na isifyonze zaidi ya asilimia 3.0 ya maji. Ya daraja M, asilimia 5.0, ya daraja L, asilimia 7.0. Ya kwanza inaruhusiwa kutumika karibu kama kokoto ya kawaida. Ya pili hupelekwa kwenye sehemu zisizokaukakauka, kama vile nguzo za chini ya ardhi na boriti za msingi. Ya tatu ni ya kujazia.

Viwango hivi vikilinganishwa na vya Ulaya, tofauti ya kifalsafa inajitokeza, na tofauti hiyo haijapewa nafasi inayostahili katika tafiti za uboreshaji. Kiwango cha EN 206 cha mwaka 2013 kinazigawa kokoto za kifusi kwa kiasi kikubwa kutokana na vilivyomo: aina A ni ile ambayo angalau asilimia 90 yake ni zege, na aina B ni ile iliyochanganyika zaidi na tofali. Kisha kinaweka ukomo wa kiasi kinachoweza kuchukua nafasi ya kokoto za asili: asilimia 50 pale pasipo na hatari ya kutu kwa nondo, asilimia 30 kwa aina A na asilimia 20 kwa aina B katika mazingira makavu au yenye unyevu wa kudumu, na sifuri pale penye hatari kubwa kama chumvi ya bahari, isipokuwa chanzo kinajulikana. Japani inauliza kokoto ina tabia gani. Ulaya inauliza kokoto ni mtoto wa nani.

Kila swali lina busara yake. La Ulaya linamlinda mnunuzi dhidi ya rundo lisilojulikana asili yake, na halihitaji zaidi ya macho na mikono ya kuchambua. Lakini lina athari ambayo waandishi wa viwango huenda hawakuikusudia: halimlipi anayeboresha. Mwenye kiwanda akizisugua kokoto zake hadi zifyonze asilimia 3 tu, bado ukomo wa asilimia 30 unamkuta palepale pamoja na jirani yake ambaye hakufanya lolote. Katika utaratibu wa Japani, huyo wa kwanza angepanda daraja. Kwa hiyo mtafiti anayechapisha mbinu mpya ya kuboresha kokoto, huku akinukuu viwango vya Ulaya kama uhalali wa kazi yake, anajenga nyumba kwenye kiwanja ambacho hakina njia ya kuingilia. Jambo hili lilipaswa kusemwa katika utangulizi wa kila kazi ya aina hiyo. Halisemwi.

Njia ya asidi inaweza kupitiwa haraka. Tam, Tam na Le mwaka 2007 walizilowesha kokoto katika asidi dhaifu za hidrokloriki, salfuriki na fosforiki ili kuyeyusha mota, na ufyonzaji wa maji ulipungua. Waliripoti kwamba klorini na salfeti hazikuathirika vibaya. Huenda ni kweli kwa sampuli zao. Lakini kuokoa zege la nondo kwa kulitia maji yenye klorini ni jambo linalohitaji ulinzi wa kuoshea ambao ndoo ya maabara inaumudu na kiwanda hakina uhakika nao. Kwa pwani ya Afrika Mashariki kuna kikwazo cha asili zaidi: kokoto nyingi za ukanda huo hutokana na mawe ya chokaa na matumbawe, na asidi haitofautishi kati ya mota na jiwe la chokaa. Inakula vyote viwili.

Kuliimarisha badala ya kulibandua

Kundi la pili la tafiti linaiacha mota mahali pake na kujaribu kuitia nguvu. Katz, mwaka 2004, alizilowesha kokoto katika maji yenye vumbi laini la silika, na zege lililotokana nazo liliongezeka nguvu kwa asilimia 30 hivi katika siku ya 7 na asilimia 15 katika siku ya 28. Alijaribu pia kuzisafisha kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika, na hapo ongezeko lilikuwa asilimia 7. Tofauti kati ya 30 na 15 ndiyo inayopaswa kumsimamisha msomaji. Faida ilipungua kwa nusu ndani ya wiki tatu, na uwezekano uliopo ni kwamba sehemu ya kile kilichopimwa mapema ilikuwa ni silika kuharakisha ugumu, si mota kupona. Mtafiti mwenyewe aliandika takwimu zote mbili waziwazi. Ni wanaomnukuu ambao huchukua ile kubwa.

Matumizi ya hewa ya kaboni dioksidi ndiyo yenye mvuto mkubwa katika miaka ya karibuni. Mota kuukuu ina chokaa iliyobaki kutokana na saruji. Chokaa hiyo ikikutana na kaboni dioksidi penye unyevu wa wastani hugeuka kuwa kalsiamu kaboneti, ambayo ujazo wake unazidi ule wa mwanzo kwa asilimia 12 hivi. Vinyweleo hujaa, ufyonzaji hupungua, na hewa chafu hufungwa ndani ya jiwe. Kou, Zhan na Poon wa Hong Kong walionesha mwaka 2014 kwamba kokoto zilizopitishwa katika hatua hiyo hutoa zege bora zaidi, na Ufaransa ilianzisha mwaka 2018 mradi wa FastCarb kwa ajili ya kuipeleka mbinu hiyo viwandani.

Ni mbinu nzuri, na inastahili heshima kwa sababu inatumia udhaifu wa mota yenyewe kama mali ghafi. Wasiwasi uko kwingine. Nondo hazipati kutu ndani ya zege kwa sababu zege ni lenye ukali wa alikali; chokaa ndiyo akiba ya ukali huo. Kokoto iliyotibiwa kwa kaboni dioksidi imekwisha kutumia akiba yake. Saruji mpya inayoizunguka inaleta akiba mpya, na kwa zege lenye saruji ya kutosha huenda hilo linatosha. Lakini kulithibitisha kunahitaji miaka, au angalau majaribio ya kuharakishwa yanayotazama nondo na si mgandamizo pekee. Tafiti nyingi za kundi hili humwacha msomaji siku ya 28, wakati kutu huanza kuuliza maswali yake katika mwaka wa kumi na tano.

Kuhusu bakteria wanaofundishwa kuotesha kalsiamu kaboneti juu ya kokoto, inatosha kusema kwamba wanafanya kazi, na kwamba hakuna aliyekwisha kueleza watalishwa na nani kwenye rundo la tani elfu moja.

Kubadili mkono badala ya jiwe

Kundi la tatu halina tanuri wala kemikali, na huenda kwa sababu hiyo halina sauti kubwa. Tam, Gao na Tam walipendekeza mwaka 2005 kwamba maji ya kuchanganyia yagawanywe mara mbili. Kokoto na mchanga huchanganywa kwanza, kisha nusu ya maji hutiwa, kisha saruji, na mwisho nusu iliyobaki ya maji. Saruji ikikutana na maji machache hufanya uji mzito unaozivika kokoto na kuingia katika nyufa za mota kabla maji mengine hayajaja. Haihitaji kununua chochote. Inahitaji saa na mtu wa kusimamia.

Takwimu inayonukuliwa kutoka kazi hiyo ni ongezeko la nguvu la takribani asilimia 21. Inanukuliwa mara nyingi bila sehemu yake ya pili: ongezeko hilo lilipatikana pale ambapo kokoto za kifusi zilikuwa asilimia 20 tu ya kokoto zote. Hapo kuna utata ambao wahakiki wengi wameupita. Ikiwa kazi ya mbinu ni kuziba nyufa za kokoto za kifusi, faida ilitarajiwa ikue kadiri kokoto hizo zinavyoongezeka. Kilele kikitokea mahali palipo na kidogo cha kuziba, basi ama mbinu inafanya kitu kingine pia, mathalani kuboresha mpaka wa saruji na kokoto za asili, ama sehemu ya ongezeko ni mtawanyiko wa kawaida wa majaribio. Mambo yote mawili yanawezekana. Hakuna hata moja linaloiondolea mbinu thamani yake, kwa kuwa gharama yake ni ndogo mno. Yanaondoa tu uhalali wa kuitumia asilimia 21 kama ahadi.

Kazi yenye fikra ya ndani zaidi katika kundi hili, na pengine katika machapisho yote yaliyohakikiwa, ni ya Fathifazl na wenzake wa mwaka 2009 nchini Kanada. Wengine wote huihesabu kokoto ya kifusi kuwa ni jiwe lenye kasoro. Fathifazl na wenzake waliihesabu kama ilivyo: sehemu ni jiwe, sehemu ni mota. Wakasema, mota ya zamani ihesabiwe pamoja na mota mpya, na jumla yake isizidi mota ambayo zege la kawaida lingekuwa nayo. Matokeo yake ni kwamba saruji mpya inapungua badala ya kuongezeka, na kusinyaa na kunepa kwa zege, ambavyo hutokana na wingi wa mota, hukaribia vile vya zege la kawaida. Tatizo lililokuwa likitibiwa kwa dawa liligeuzwa kuwa suala la hesabu.

Udhaifu wake ni wa kivitendo. Kokoto ikiwa na mota nyingi, mota mpya inayoruhusiwa huwa chache kiasi kwamba zege linakuwa kavu na lenye kukwaruza, lisilokubali kuingia kati ya nondo zilizosongamana bila kemikali za kulainisha. Tena, mhandisi lazima ajue kiasi cha mota kabla ya kuchanganya, na vipimo vya kulijua hilo huchukua siku kadhaa. Mbinu inadai nidhamu palepale ambapo sekta ya kifusi haina nidhamu.

Kipimo kilichosahauliwa

Zege la kokoto za kifusi linaweza kufikisha nguvu ya mgandamizo sawa na ya zege la kawaida na bado likapinda zaidi chini ya mzigo uleule, kwa sababu mota hunyumbuka kuliko jiwe. Linasinyaa zaidi likikauka. Slabu ndefu iliyotengenezwa kwa zege hilo haitavunjika. Itanepa, vigae vitapasuka, milango itakwama, na nyufa zitafungua njia ya maji kuelekea kwenye nondo. Kipande cha mchemraba kilichovunjwa maabara hakina habari na lolote kati ya hayo.

Lipo pia suala la madai ya kimazingira, ambayo karibu kila utangulizi hufungua nayo. Hapa hesabu fupi inatosha. Ikiwa mchanganyiko wa kilo 350 za saruji utaongezwa saruji kwa asilimia 5 ili kufidia udhaifu wa kokoto, ongezeko ni kilo 17.5, na kwa saruji ya kawaida hizo ni kilo 15 hivi za kaboni dioksidi kwa kila meta ya ujazo. Kuchimba na kuponda tani moja ya kokoto za asili hutoa kilo chache tu. Kwa hiyo anayeokoa tani ya mawe kwa kuongeza theluthi moja hivi ya mfuko wa saruji hajaokoa hewa, ameichafua zaidi. Sababu halali za kurejeleza kifusi ni nyingine, nazo ni nzito vya kutosha: kilima kinacholiwa na machimbo, bonde linalojazwa taka, na umbali wa lori. Kazi zinazodai faida ya hewa bila kuonesha kiasi cha saruji zinapaswa kurudishwa kwa waandishi wake.

Utafiti wa Tanzania

Kwa wasomaji wa Kiswahili, kazi iliyo karibu zaidi ni ya Sabai na wenzake iliyochapishwa mwaka 2013. Walikusanya sampuli nane za kifusi cha saruji kutoka maeneo ya ujenzi na ubomoaji nchini Tanzania, wakazisaga, wakazichekecha, na kutengeneza matofali ya zege kwa kutumia kifusi kwa asilimia 100, kokoto na mchanga. Kuchanganya kulifanywa kwa mikono na kufyatua kwa mashine ya mkono. Baada ya siku 28 za kumwagilia, asilimia 85 ya matofali yaliyopimwa yalifikisha nyutoni 7 kwa milimita ya mraba, kiwango cha chini cha tofali la kubeba mzigo.

Thamani ya utafiti huu iko katika kile ambacho maabara za nje hazina: kifusi halisi, mikono halisi, na mashine ambayo fundi wa kawaida anaimudu. Hakuna tiba iliyotumika. Watafiti hawakuficha kwamba kokoto zao zilikuwa dhaifu kuliko za asili, na walikiri kwamba suala la gharama linahitaji kazi zaidi. Uadilifu huo ni nadra.

Hata hivyo, hitimisho lao halipaswi kuhamishwa kutoka kwenye tofali hadi kwenye nguzo, na tayari kishawishi hicho kipo kwa wanaolinukuu. Asilimia 15 iliyoshindwa, ikiwa ni matofali ya ukuta, ina majirani wa kuisaidia: tofali dhaifu lililozungukwa na matofali sita imara halimwangushi mtu. Nguzo haina jirani. Aidha, asilimia hiyo peke yake haielezi kama walioshindwa walitawanyika katika sampuli zote nane au walitoka katika rundo moja au mawili. Kama walitawanyika, tatizo ni la uchanganyaji, na njia ya hatua mbili ya Tam ingeweza kusaidia bila gharama. Kama walitoka katika rundo moja, tatizo ni la chanzo, na hakuna uchanganyaji utakaolitibu. Tiba ni kulikataa rundo hilo langoni. Ni maswali mawili tofauti, yenye gharama tofauti, na utafiti utakaofuata una wajibu wa kuyatenganisha.

Katika mji ambako jengo la ghorofa 16 liliporomoka Machi 2013 na kuua watu 36, swali la ni zege la nani linaloaminika si la kitaaluma tu. Janga hilo halikuhusu kokoto za kifusi, wala halitumiki hapa kama ushahidi dhidi yake. Linaonesha tu kwamba usimamizi wa zege la kawaida, lenye kokoto za kawaida, bado una mianya, na kokoto ya kifusi inadai usimamizi mkali zaidi ya huo. Hadi sasa kifusi cha Dar es Salaam huuzwa kwa lori kujazia viwanja na mashimo ya barabara, bila mtu kuuliza kimetoka kwenye jengo gani.

Kwa mazingira hayo, mpangilio wa vipaumbele unaotokana na tafiti zilizohakikiwa ni kinyume cha ule unaotawala majarida. Silika, bakteria na tanuri la nyuzi 300 si hatua ya kwanza. Hatua ya kwanza ni kutenganisha kifusi mahali pa kubomolea, kabla lipu na vigae havijachanganyika na zege, na kupima ufyonzaji wa maji wa kila rundo. Kipimo hicho kinahitaji ndoo, mizani, kitambaa cha kukaushia, tanuri dogo na saa 48 hivi: kokoto huloweshwa siku nzima, hufutwa, hupimwa, hukaushwa, hupimwa tena. Rundo lililo chini ya asilimia 5 linaweza kufikiriwa kwa boriti za msingi. Lililozidi asilimia 7 libaki kwenye matofali na kujazia. Mipaka hiyo imeazimwa Japani na haijathibitishwa kwa kokoto za chokaa za pwani, ambazo zenyewe hufyonza maji kuliko mawe magumu ya bara, na zinaweza kulifelisha rundo ambalo mota yake haina kosa.